Bureti, chokaa na namba iliyogoma

Nilipotea kidogo, si unajua tena mwisho wa semista, mambo yanakuja kwa mkupuo. Leo sina stori ya bumu wala foleni ya kantini. Nina kisa cha maabara, na kisa chenyewe kimenipeleka mpaka Ufaransa ya mwaka 1729. Vuteni viti.

Iko hivi. Jumatatu tulikuwa na praktiko ya kutafuta umumunyifu wa chokaa, yaani gramu ngapi zinayeyuka kwenye lita moja ya maji. Unakoroga chokaa mpaka maji yashibe, unachuja, unapima sentimita za ujazo 25 za maji yale, kisha unadondoshea asidi ya haidrokloriki ya 0.05 M mpaka rangi ya pinki ya kiashiria ipotee. Asidi iliyotumika ndiyo inakwambia chokaa ilikuwa kiasi gani. Kitabu kinasema gramu 1.73. Sisi bureti ilisoma 27.40, hesabu ikaleta 2.03.

Jamaa mmoja wa kundi letu akasema kwa utulivu kabisa, "Andika 23.4 twende tukale." Ndiyo namba inayoleta jibu la kitabu. Kupika data, wadau! Na sitawadanganya, kalamu nilishaishika, maana mwaka jana nilikula supu ya kemia na sitaki ya pili. Ila nikawaza: mwakani nitasimama mbele ya wanafunzi niwaambie nini kuhusu kupima? Nikawaomba wenzangu siku mbili. Walininunia.

Jioni nikaingia maktaba, nikaanza kufukunyua historia ya titresheni. Mwaka 1729 Mfaransa Claude Geoffroy alitaka kujua ukali wa siki. Akawa anatia kabonati ya potasiamu kidogo kidogo mpaka povu likome. Povu likikoma, kapata jibu. Lakini nani anajua povu limekoma lini hasa? Jicho lako na langu haliamui sawa. Mwaka 1756 Francis Home wa Scotland, akipima magadi ya kung'arishia vitambaa, alihesabu vijiko vidogo vya asidi. Vijiko, jamani! Mwaka 1767 William Lewis akaachana na povu, akatumia rangi ya litmasi. Kosa la jicho likapungua.

Ikabaki kosa la kijiko. Mwaka 1791 Descroizilles, kule Rouen kwenye viwanda vya kung'arishia nguo, akatengeneza mrija wenye mistari ya vipimo. Mwaka 1824 Gay-Lussac akaleta majina ya bureti na pipeti tunayoyatumia mpaka leo. Bureti yake ilimiminwa kwa pembeni kama birika, kwa hiyo mkono ukitetemeka tu umeharibu. Mjerumani Mohr, ambaye kitabu chake cha titresheni kilitoka 1855, akaifanya itoe kwa chini, mpira na kibanio, tone moja moja. Fenolfthaleini, hiyo pinki yetu, ilitengenezwa na Baeyer mwaka 1871.

Mnaona? Kila kifaa pale mezani kimezaliwa kwa sababu kuna mtu alikosea, akakubali kwamba amekosea, akatafuta dawa. Angepika data, tungekuwa bado tunahesabu vijiko.

Basi nikachukua kosa moja moja nikaliuliza: wewe unapeleka jibu juu au chini? Tone moja la ziada ni kama sentimita za ujazo 0.05, linaongeza gramu 0.004 tu. Si yeye. Hewa? Joseph Black alionyesha miaka ile ile ya 1750 kwamba kuna gesi, leo tunaiita kaboni dioksidi, inayofanya maji ya chokaa yawe meupe. Gesi hiyo inakula chokaa iliyoyeyuka, kwa hiyo inashusha jibu. Si yeye. Joto? Gay-Lussac alichora mwaka 1819 jinsi umumunyifu unavyobadilika na joto. Chumvi nyingi huyeyuka zaidi kwenye maji ya moto, ila chokaa ni mkaidi, joto likipanda huyeyuka pungufu. Na Dar saa nane mchana mnaijua wenyewe. Hilo nalo linashusha! Bureti iliyosuuzwa kwa maji tu inapandisha jibu, kwa sababu asidi inazimuliwa, lakini yetu tuliisuuza kwa asidi yenyewe.

Akabaki mtuhumiwa mmoja. Maji yetu yalikuwa na ukungu. Tulichuja harakaharaka, chembe za chokaa zikapita. Asidi haijui kutofautisha chokaa iliyoyeyuka na chembe inayoelea. Inakula zote, halafu bureti inahesabu zote.

Jumatano tukarudia. Chokaa tuliiacha itulie usiku kucha kwenye chupa iliyojaa na kufungwa, tukachuja mara mbili, mchujo wa kwanza tukaumwaga. Maji yakatoka kama ya kisima. Kipimajoto: nyuzi 29. Bureti: 20.90. Jibu: gramu 1.55.

Hapo ndipo nilipokaa chini. Ile 1.73 ya kitabu ni ya nyuzi 20! Kwa nyuzi 30 ni kama 1.6. Maana yake tungepika ile Jumatatu, tungepika namba ya chumba chenye baridi na kuipeleka kwa mwalimu aliyekuwa anatoka jasho pamoja nasi. Yule jamaa wa "twende tukale" alinyamaza, kisha akacheka mwenyewe.

Ripoti tumeipeleka na namba zote mbili, ile mbovu pamoja na sababu yake. Alama bado hazijatoka. Ikija supu nitainywa, ila safari hii nitajua imepikwa na nani.

Walimu mliopo humu, mwanafunzi akikuletea jibu lisilolingana na kitabu, mnampa ngapi? Tupieni maoni hapo chini.

Nawasilisha.