Reli ya shaba, reli ya mpunga

Mwaka 1964 Benki ya Dunia ilipima wazo la kujenga reli ya kuiunganisha Tanzania na Zambia, ikaona hailipi. Tanzania na Zambia zilikataa hukumu hiyo, China ikatoa mkopo usio na riba, na mwaka 1976 TAZARA ikakabidhiwa ikiwa na urefu wa kilomita 1,860. Serikali ziliiita Reli ya Uhuru, kwa kuwa shaba ya Zambia sasa ingefika baharini bila kupita Rhodesia. Lakini ukitazama vizuri, waliosema hailipi na waliosema lazima ijengwe walikuwa wakipima shaba ileile. Mkulima wa Bonde la Kilombero, ambamo reli hii inapita, hakuwemo katika hesabu ya upande wowote, na huyo ndiye aliyekuja kuionyesha reli kazi yake.

Bondeni, masika yakikolea, mto hufurika na barabara hukatika. Kwa kata kama Masagati, ambako mazao hutegemea kufika Mlimba ndipo yaone soko, stesheni ni sawa na ghala, soko na njia ya hospitali kwa pamoja. Mwanahistoria Jamie Monson, katika kitabu chake cha mwaka 2009, alichambua stakabadhi za vifurushi vilivyopakiwa katika stesheni ndogo. Alikuta biashara nzima ambayo takwimu za tani za shaba hazikuionyesha: mchele na ndizi za bondeni zikipanda nyanda za juu, maharage na viazi vikishuka. Miaka ya 1980, ununuzi wa mazao wa serikali ulipoyumba, treni ya abiria inayosimama kila kituo ndiyo iliyowawezesha watu kubadilisha mazao na masoko, mwaka mbaya usiwamalize. Hayo ni maendeleo, hata kama hayakuongeza senti kwenye mizania ya shirika.

Wapo watakaosema treni isiyo na faida hufa, na hapo wana hoja. TAZARA ilijengwa ibebe tani milioni 2 kwa mwaka, haikuzifikia kamwe, na kufikia 2014/15 ilikuwa chini ya tani 100,000. Injini iliyokufa haimsaidii mkulima. Ila kipimo cha faida peke yake nacho kimeshajaribiwa bondeni humu. Shamba la Mngeta, zaidi ya hekta 5,800, lilianza kwa ubia na Korea Kaskazini miaka ya 1980, baadaye likapata mwekezaji mwingine, likasifiwa kuwa mfano wa kilimo cha kisasa, kisha likazidiwa na madeni huku migogoro ya ardhi ikibaki kwa wanavijiji. Wengine husema mahitaji ya watu hayapimiki. Stakabadhi za Monson ni jibu tosha: yanapimika, endapo mtu atajali kuzihesabu.

Septemba 2024, mjini Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya awali ya kuifufua reli hii. Shaba itahesabiwa, hilo halina shaka. Wabunge na madiwani wa bonde wadai kwamba mikataba itaje pia treni ya abiria, nafasi ya vifurushi na stesheni zitakazobaki wazi, Mlimba ikiwemo, na wadai hilo sasa.