Gari chongo: historia ya taa ya mbele kwenye barabara yetu ya Igunga

Leo sina stori ya staa wala ya nani kaachana na nani. Leo nina stori ya globu ya gari. Usicheke kwanza.

Mwezi uliopita mjomba alikuwa anarudi na Noah yake kutoka msibani upande wa Shelui. Usiku, watu saba ndani, mmoja wao mama yangu mzazi. Taa ya mbele ya kulia ilikuwa imeungua tangu juzi yake na kila mtu alijua. "Nitaweka kesho." Si unajua hiyo kesho yetu. Wakakata mbuga ya Wembere vizuri tu, wanakaribia Igunga, mbele likatokea basi linalipita lori. Sasa fikiria dereva wa basi anaona nini: taa moja tu, tena ile ya kushoto, iliyoko pembeni kabisa mwa barabara. Kwa macho yake ile ni bodaboda, na bodaboda kwenye barabara hii inategemewa ijipishe yenyewe. Mjomba akatoka nje ya lami. Mvua zilikuwa zimenyesha, gari likazama kwenye ule udongo mweusi mpaka kwenye bampa. Hakufa mtu. Lakini mama alipofika nyumbani alikaa mlangoni bila kuongea mpaka kunakucha.

Asubuhi mjomba akanunua globu. Bei yake ni kama chipsi kuku na soda. Nikabaki nimeishika mkononi (na hilo ndo lilikuwa kosa, nitafika huko) nikijiuliza: kabla ya hiki kidude, watu walipitaje huku usiku?

Jibu fupi ni kwamba hawakupita.

Kila aliyesoma shule za huku kwetu anaijua njia ya misafara: Bagamoyo, Ugogo, Tabora, Ujiji. Njia kubwa yenyewe ilipita kusini kwetu, lakini wapagazi walitoka Unyamwezi kote, na Wanyamwezi ndo walikuwa wabebaji wanaotegemewa kuliko wote. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakaingia Kazeh, yaani hapo Tabora, tarehe 7 Novemba. Siku 134. Leo ukilala vizuri kwenye basi unaamka umefika. Hawa wawili majina yao yapo kwenye kila kitabu. Wale waliobeba vitambaa, shanga na nyaya za shaba kila mmoja kama frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu begani, majina yao mengi yamepotea.

Sababu za kuchelewa zilikuwa nyingi, kuna maradhi, kuna hongo ya machifu, kuna wapagazi kutoroka. Ila mojawapo ilikuwa giza. Msafara uliondoka alfajiri, kirangozi mbele, na kabla jua halijawa kali mzigo unashushwa. Mchana kupika, jioni ngoma na stori, usiku watu wanalala katikati ya mioto na boma la miiba kwa sababu ya simba na wezi. Ikitokea maji yako mbali, ndo wanafanya kitu kilichoitwa terekeza: unaondoka mchana baada ya kunywa, unatembea mpaka giza, unalala porini bila maji, alfajiri unamalizia. Watu waliiogopa terekeza, hasa kule Mgunda Mkali, lile pori kavu kabla hujaingia Unyamwezi. Mwanga wa safari ulikuwa jua na mbalamwezi, basi.

Halafu ikaja reli. Mjerumani aliifikisha Tabora 1912 na Kigoma 1914, na Mwingereza akaja kumalizia tawi la Mwanza 1928. Angalia ramani utaona: zote zimetupita pembeni. Tawi la Mwanza linakwenda kupitia Isaka na Shinyanga, Igunga halijui. Kwa hiyo sisi tumekuwa watu wa barabara, yaani watu wa lori. Pamba yetu ilitoka kwa lori, ng'ombe wetu walitoka kwa lori, bibi harusi na maiti, wote lori.

Na magari yenyewe mwanzoni hayakuwa na globu. Yale ya kwanza kabisa duniani yaliwaka taa za mafuta au za kabaidi, ile ambayo unadondoshea mawe yake maji, inatoa gesi, unaiwasha kwa kiberiti. Kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza gari lenye taa za umeme na staata ya umeme kwa pamoja kwenye modeli ya 1912, mwaka uleule reli ilipofika Tabora. Kuanzia 1940 Marekani wakalazimisha taa ya aina moja kwa magari yote, ya duara, ambayo kioo, ule ung'aavu wa ndani na uzi wa umeme vimefungwa pamoja kama chupa moja. Uzi ukikatika unatupa taa nzima. Taa za duara za namna hiyo ndo wazee wetu walizizoea kwenye Landrova na malori.

Hapa naomba nikae kidogo, maana hapa kuna mtu wangu.

Babu mzaa mama alikuwa utingo wa malori ya pamba. Utingo, kama hujui, ndo yule anayeweka jiwe kwenye tairi lori likisimama mlimani, anapanda juu kufunga turubai, analala chini ya gari, na kwenye ajali yeye ndo wa kwanza kufa na wa mwisho kuandikwa. Dereva alikuwa bwana mkubwa wa mji. Utingo alikuwa "wewe kijana".

Babu alifanya kazi hiyo mpaka miaka ile migumu. Vita ya Kagera ilianza 1978 ikaisha 1979, nchi ikabaki haina fedha za kigeni, spea hakuna. 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi, mtu akikutwa na vitu vingi stoo anakamatwa. Ni mpaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni waingize bidhaa ndo mambo yakaanza kulegea. Kwenye miaka hiyo, babu anasema, taa ya lori ilikuwa inafunguliwa kila jioni wakipaki, inaviringishwa kwenye shuka, na utingo analala nayo kichwani. Kwa sababu ikiibiwa, lori litalala hapo kwa miezi. Na ikiungua njiani usiku? Utingo anakaa juu ya madigadi ya mbele, miguu imening'inia, tochi mkononi, anamulika kando ya barabara huku dereva anatambaa. Kwa hiyo babu yangu amewahi kuwa taa ya gari. Nasema hivyo bila utani. Na Sekenke ile ya zamani, ya vumbi na kona, ameshawahi kuishuka hivyo.

Nimemuuliza alilipwa zaidi usiku huo? Akanitazama tu.

Tukirudi kwenye globu yenyewe. Miaka ya 1950 mafundi wa General Electric huko Marekani waligundua kwamba ukiujaza ndani ya globu gesi kidogo ya jamii ya ayodini, uzi wa tungsten ukiwaka moto mkali, zile chembe zinazotoka kwenye uzi hazigandi kwenye kioo na kukiweka cheusi, zinarudishwa kwenye uzi. Hiyo ndo halojeni. Mwanga mweupe zaidi, globu ndogo zaidi. Ulaya wakaiweka kwenye magari 1962, lakini ile ya kwanza ilikuwa na uzi mmoja tu. 1971 ikaja H4, yenye nyuzi mbili ndani ya kichupa kimoja: mmoja wa fulu, mmoja wa dimu. Uzi wa dimu umewekewa kikombe kidogo cha chuma chini yake, ili mwanga usipige nusu ya chini ya taa, na hivyo usipande kwenye macho ya anayekuja. Ukiishika globu utakiona hicho kikombe. Mimi nilikaa nakishangaa muda mrefu.

Kwa hiyo tangu hapo hutupi taa nzima, unabadilisha kichupa. Na kwa vile biashara ilipofunguliwa magari ya mtumba ya Japani yakajaa, H4 iko kila mahali huku kwetu. Nenda stendi uangalie: IST, Noah, Hiace, nyingi ni hiyo hiyo. Yaani kazi iliyokuwa ya utingo sasa ni yako mwenye gari, na haizidi dakika kumi.

Mimi nilifanya hivi. Gari limezimwa, taa zimezimwa, nimesubiri zipoe, maana halojeni iliyotoka kuwaka inachoma vibaya. Nikafungua boneti. Nyuma ya taa kuna soketi yenye nyaya tatu, unaivuta kwa kushika plastiki yenyewe, usivute nyaya. Kisha unavua raba ya kuzuia maji. Ndani kuna kibanio cha waya, unakibonyeza na kukisukuma pembeni, globu inatoka. Soma maandishi kwenye kitako chake kabla hujaenda dukani: gari dogo itakuwa volti 12, wati 60/55. Lori ni volti 24, wati 75/70. Muuza duka akikushawishi uchukue ya wati 100 eti inawaka zaidi, mwambie asante. Nyaya na soketi za gari lako hazikutengenezwa kwa moto huo, zitayeyuka.

Globu mpya ina masikio matatu, lile pana linakaa juu. Haliwezi kukaa vingine, kwa hiyo ukiona unatumia nguvu ujue umekosea. Rudisha kibanio, raba, soketi. Washa dimu, washa fulu. Ikikataa, angalia fyuzi kabla hujaanza kumlaumu Mchina. Kuna magari ambayo nafasi nyuma ya taa ni finyu mpaka unatoa betri kwanza, hapo hata mimi nitakwenda kwa fundi.

Sasa kosa langu. Nilikuwa nimetoka kula maandazi, nikaishika globu kwenye kioo. Iliwaka vizuri siku nne, ya tano ikapasuka. Fundi umeme mmoja wa hapa stendi, kijana mdogo kuliko mimi ambaye shule aliishia darasa la saba, ndo alinieleza: kile kioo kinapata moto mkali sana, ukikiacha na mafuta ya kidole, pale penye mafuta panapata joto kuliko kwingine, kinakufa. Shika chuma tu, au tumia kitambaa safi. Ukigusa kwa bahati mbaya, futa kwa spiriti. Alinielekeza bure. Huyo naye sina ruhusa ya kumtaja, anasema ataibiwa wateja.

Kwa nini napiga kelele leo na si mwaka jana? Kwa sababu barabara yetu ya usiku imebadilika. Mabasi ya mikoani yalikatazwa kusafiri usiku tangu miaka ya 1990 kwa sababu ya ajali, na 2023 ruhusa ikarudi. Mimi nimezaliwa na kukua usiku wa Igunga ukiwa wa malori tu. Sasa hivi saa nane usiku basi linakupita kama mchana. Ongeza malori ya Rwanda na Burundi yanayopita hapa kwetu kwenda na kutoka mpakani. Kule wanaendesha kulia, sisi kushoto. Dimu ya gari hailingani pande zote mbili, imeinuliwa kidogo kuelekea pembeni mwa barabara ili kumulika watembea kwa miguu. Sasa lori lililotengenezwa kwa nchi ya kulia, likija kwetu, ule upande ulioinuliwa unaingia moja kwa moja kwenye macho yako. Wala dereva hajakufanyia makusudi. Na magari yetu yakivuka Rusumo yanawafanyia wao hivyohivyo.

Wa makusudi ni wewe uliyefunga LED ya kichina kwenye taa ya halojeni. Ile taa ilichorwa kwa uzi uliokaa sehemu maalum na kikombe chake. Ukiweka kitu kingine pale, mwanga unatawanyika, unajiona unang'aa kumbe unapofusha watu. Najua kwenye komenti mtanishambulia. Njooni tu.

Na kuna wale ambao uzi wa dimu umekatika, wa fulu bado mzima, basi wanatembea na fulu usiku kucha. Gari linaonekana lina macho mawili lakini ni chongo bado, sema linachoma.

Jumapili mjomba alikuja kutuchukua tukamsalimie babu. Gari likapakiwa uani, giza limeanza kuingia. Babu akatoka na fimbo yake, akamwambia mjomba awashe taa kuelekea ukutani. Duara mbili zikatokea kwenye ukuta, sawasawa kwa urefu. Akasema dimu. Zikashuka. Akasema fulu. Zikapanda. Akaenda mwenyewe mpaka ukutani akaweka kiganja kwenye duara ya kulia, ile niliyoifunga mimi, akaangalia kivuli cha mkono wake muda kidogo.

Mama alikuwa amesimama pembeni na mkoba. Akasubiri mpaka babu aondoe mkono, ndo akafungua mlango akapanda.