Daftari la Mdai: Maandamano Mbele ya Wenye Fedha, Kutoka Soko la Ujiji Hadi Leo

Februari 1874 Luteni Verney Lovett Cameron wa jeshi la majini la Uingereza alifika Ujiji, mwambao wa Ziwa Tanganyika, na katika mambo aliyoyaandika kuhusu mji ule, lililo muhimu kuliko yote kwangu ni dogo sana. Sokoni aliwaona watu wenye mifuko iliyojaa sofi, shanga zilizofanana na vipande vya mrija wa kiko uliovunjika. Sofi ndizo zilizokuwa fedha ya soko. Asubuhi, soko linapoanza, watu hao waliwabadilishia wanunuzi shanga zao za aina nyingine wakawapa sofi. Soko likivunjika, walizipokea sofi zilezile kutoka kwa wauzaji wakawarudishia shanga nyingine. Kila mara mbadilishaji alibaki na chake. Aliyeuza mawese, aliyeuza dagaa, aliyeleta chumvi, wote jasho lao lilipita mikononi mwa mtu mmoja mara mbili kwa siku, na kila lilipopita lilipungua kidogo.

Hiyo ndiyo benki ya kwanza ya Ujiji ninayoijua kwa maandishi. Hakuna mahali Cameron anaposema kwamba watu waliilalamikia.

Naanzia hapo kwa sababu swali la kama maandamano ya umma yana nguvu yoyote mbele ya wenye fedha huulizwa siku hizi kana kwamba lilizaliwa New York. Septemba 17, 2011 vijana walipiga kambi katika bustani ya Zuccotti, karibu na mtaa wa mabenki wa Wall Street. Novemba 15 polisi wakawaondoa usiku. Mabenki yalibaki palepale, na wengi wakahitimisha kwamba kelele za barabarani haziwezi kitu. Mwambao wa Ziwa Tanganyika na nchi zinazouzunguka zina historia ndefu zaidi ya jambo hili, na historia hiyo haikubaliani na hitimisho la haraka namna hiyo. Inatuelekeza kutazama vitu viwili: daftari la mdai, nani analijua na nani halijui, na kile ambacho mdai anakihitaji kutoka kwa mdaiwa, kiko mkononi mwa nani.

Misafara ya pembe za ndovu iliyoijenga Ujiji iliendeshwa kwa mkopo. Vitambaa, shanga na bunduki vilitoka Unguja kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na malipo yalingojea pembe zirudi pwani baada ya mwaka, miwili, au zaidi. Taria Topan alimkopesha Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, na mwenyewe Tippu Tip hakuficha jambo hilo alipoyasimulia maisha yake kwa Kiswahili. Bagamoyo alikuwapo Sewa Haji, aliyekopesha bidhaa na kukusanya wapagazi kwa wakati mmoja. Deni liliandikwa pwani, mara nyingi kwa Kigujarati, na aliyedaiwa alikuwa zaidi ya kilomita 1,000 mbali, ng'ambo ya Malagarasi. Asingeweza kulisoma hata kama lingewekwa mbele yake.

Watu wa Ujiji walilipingaje deni hilo? Kwa kutorudi. Wafanyabiashara wengi wa pwani walioshindwa kulipa walibaki bara, wakaoa, wakalima, wakavuka ziwa hadi Manyema kutafuta pembe zaidi. Wengine walizeeka bila kuiona tena bahari. Sehemu ya Uswahili wa Ujiji, misikiti yake, kanzu zake, lugha yake, ina asili katika watu waliokuwa wakiwakimbia wadai wao. Sisemi hivyo kwa kuwadharau. Pale ambapo hakuna barabara ya kuandamana wala kadhi wa kumshitakia tajiri, umbali ndio uliokuwa silaha.

Wapagazi walikuwa na silaha kali zaidi. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila mbili begani, na katika frasila hizo mbili ulikuwamo mtaji wote wa tajiri wa Unguja. Posho ikipunguzwa, au kiongozi wa msafara akitaka safari ya siku ipite kiasi, wapagazi walitua mizigo. Hapakuwa na haja ya kupiga kelele. Mizigo ilikaa chini, jua likapanda, na kila siku iliyopita iliongeza gharama. Wasafiri wa Kizungu wamejaza vitabu vyao malalamiko juu ya “uvivu” na “utoro” wa wapagazi. Ukivisoma vizuri utaona wanaeleza migomo, na mingi ilifanikiwa. Posho iliongezwa. Mwendo ulipunguzwa. Historia ya wafanyakazi wa Tanzania ingeandikwa vizuri zaidi kama ingeanzia kwenye njia ile ya Ujiji na Tabora, kabla ya bandari na kabla ya reli iliyofika Kigoma mwaka 1914.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia, mgomo mkubwa wa kwanza kuhusu fedha chini ya Waingereza katika Tanganyika haukufanywa na wadaiwa. Ulifanywa na wenye maduka. Mwaka 1923 serikali ilileta kodi ya faida na ikataka hesabu za biashara ziandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi. Wafanyabiashara wa Kihindi, ambao madaftari yao yalikuwa ya Kigujarati, wakafunga maduka. Wakaita hartal, kwa neno walilolitoa kwao. Maduka yalikaa yamefungwa zaidi ya siku 50. Serikali ikalegeza sharti la lugha, na kodi yenyewe ikaja kufutwa miaka michache baadaye.

Hapa msomaji apunguze mwendo kidogo. Ugomvi ule, ukiondoa mengine yote, ulikuwa juu ya nani ataweza kulisoma daftari. Serikali ilitaka kulisoma ili itoze. Mwenye duka alitaka libaki katika lugha yake. Mkulima wa Kiha aliyeuza mazao yake katika duka lile na kukopa nguo humohumo hakuulizwa na upande wowote, ingawa jina lake ndilo lililokuwa limeandikwa ndani.

Unguja jambo kama hilo lilitokea kwa ukubwa zaidi. Wenye mashamba ya karafuu, wengi wao Waarabu, walikuwa wamezama katika rehani za wakopeshaji wa Kihindi. Mwaka 1934 serikali ikatunga sheria za kuzuia mashamba kuchukuliwa kwa deni, na mwaka 1937 ikakipa Chama cha Wakulima wa Karafuu mamlaka ya kuhodhi ununuzi. Wafanyabiashara wa Kihindi wakaisusia karafuu, na chama cha Congress kikaunga mkono susio hilo huko India kwenyewe, mnunuzi mkubwa wa karafuu za Unguja. Kufikia Mei 1938 serikali ilikuwa imeketi mezani na kukubali mapatano yaliyowarudishia wafanyabiashara nafasi yao. Mwenye fedha naye, kumbe, hugoma. Na akigoma hushinda upesi, kwa kuwa anashika bei, anashika soko na anashika hesabu. Anayetaka kumpinga aanze kwa kujifunza kwake.

Tufike 1967, mwaka ambao Watanzania wengi wangeutaja kama jibu la swali letu. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5. Siku iliyofuata Mwalimu Nyerere akatangaza kutaifishwa kwa mabenki, Barclays, Standard, National and Grindlays na mengineyo, na ikazaliwa Benki ya Taifa ya Biashara. Nchi nzima ikaandamana. Vijana walitembea kwa miguu mamia ya kilomita kuunga mkono Azimio; mmoja wao, Seti Benjamin, akafia njiani, na jina lake likabaki kwenye kumbukumbu ya taifa. Oktoba ya mwaka ule Mwalimu mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza.

Nawaheshimu waliotembea. Lakini mfuatano wa mambo lazima usemwe kama ulivyokuwa: uamuzi ulitangulia, maandamano yakafuata. Mabenki hayakutekwa na umati. Umati uliitwa kuubariki uamuzi uliokwisha kufanywa. Ndiyo maana miaka 30 baadaye, mwaka 1997, benki ile ilipogawanywa, na mwaka 2000 sehemu yake kubwa ilipouzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini, waliotembea 1967 hawakuulizwa. Walikuwa wamepewa matembezi tu. Vitabu vya benki havikuwahi kufunguliwa mbele yao.

Siku ya mwaka mpya wa 1980 Mwalimu aliwaambia mabalozi waziwazi kwamba Shirika la Fedha la Kimataifa halikuchaguliwa na mtu yeyote kuwa wizara ya fedha ya dunia. Hotuba ile ilisikika mbali. Mwaka 1986, Mwalimu akiwa amekwisha kung'atuka, serikali ya Rais Mwinyi ilitia saini masharti ya shirika lilelile. Maduka yalikuwa matupu na mkopeshaji alijua. Kama sauti kali na ya haki ingetosha peke yake, hakuna iliyokuwa kali na ya haki kuliko ile.

Sasa nafika kwenye maandamano ambayo, kwa maoni yangu, yaliifikia Kigoma kuliko mengine yote, ingawa hayakufanyika Kigoma. Mei 16, 1998, wakati wakuu wa mataifa tajiri wakikutana Birmingham, Uingereza, watu wapatao 70,000 walishikana mikono wakauzunguka katikati ya mji ule. Walidai madeni ya nchi maskini yafutwe kabla ya mwaka 2000. Walikuwa watu wa makanisa, wa vyama vya wafanyakazi, wanafunzi, wazee. Walijua kiasi gani kila nchi inadaiwa, na nani anadai. Waliandika barua kwa mawaziri wao wa fedha, wakazirudia, wakakusanya saini milioni 24 duniani. Mwaka uliofuata, mjini Cologne, mpango wa kupunguza madeni ulipanuliwa. Novemba 2001 Tanzania ikafikia hatua ya mwisho ya mpango huo, ikapata msamaha wa takriban dola bilioni 3 kwa jumla ya malipo ya miaka iliyokuwa mbele.

Mwaka huohuo wa 2001 ada ya shule ya msingi ikafutwa. Wanafunzi wa shule za msingi nchini walikuwa milioni 4.4 mwaka 2000. Mwaka 2005 walizidi milioni 7. Mtoto wa Gungu au wa Kasulu aliyeingia darasa la kwanza wakati ule, akakaa chini kwa sababu madawati hayakutosha, hakumjua yule bibi wa Birmingham aliyeshika mkono wa jirani yake. Deni lilikuwa limewaunganisha, na kwa muda mfupi upinzani nao uliwaunganisha.

Kigoma nayo ilitoa mchango wake katika kuyafungua madaftari ya fedha ya nchi, ingawa mfano wa kwanza ni wa Dar es Salaam. Septemba 2007, katika mkutano wa hadhara viwanja vya Mwembe Yanga, Temeke, mbunge wa upinzani Dkt. Willibrod Slaa alisoma hadharani orodha ya tuhuma za ufisadi, fedha za EPA, akaunti ya madeni ya nje ya Benki Kuu, zikiwamo. Ukaguzi ulionyesha shilingi bilioni 133 zililipwa isivyo halali, na Januari 2008 gavana akaondolewa. Mwaka 2014 Kamati ya Hesabu za Serikali, ikiongozwa na mbunge wa Kigoma Kaskazini, Zitto Kabwe, ikasoma bungeni taarifa ya fedha zilizotolewa katika akaunti ya Tegeta Escrow, na baadhi ya wakubwa wakapoteza nyadhifa zao. Mkutano wa hadhara na bunge, kila kimoja kilifanya kazi kwa sababu kulikuwa na karatasi: tarehe, kiasi, jina la benki.

Kenya, Juni 2024, vijana waliusoma Muswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakaufasiri kwa lugha za nyumbani, wakaelezana mitandaoni kodi ya mkate maana yake nini. Kodi hiyo ya mkate iliondolewa hata kabla ya Juni 25, siku bunge lilipovamiwa. Siku iliyofuata Rais Ruto akakataa kuutia saini muswada wote. Zaidi ya watu 50 walipoteza maisha katika majuma yale, na hakuna hesabu ya shilingi inayoweza kuwekwa mbele ya idadi hiyo. Kabla mwaka haujaisha baadhi ya kodi zikarudi kwa sheria nyingine. Wadai wa Kenya walikuwa bado wapo, na tarehe za malipo hazikusogea.

Turudi ziwani. Nenda Kibirizi asubuhi baada ya usiku wa giza, mitumbwi inaporudi na dagaa. Ndoo zinashuka, bei inasemwa kwa sauti, wanawake wanatandaza dagaa juani. Mwezi ukikua, taa hazivui, na hakuna dagaa wa maana hadi giza lirudi. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaane, jambo jema. Ila rejesho la mkopo la kila juma halijui mwezi wala kufungwa kwa ziwa. Ndipo huingia mikopo ambayo nchi nzima inaiita kausha damu: fedha unapewa kwa dakika chache, dhamana ni kadi ya benki pamoja na namba yake ya siri, au godoro, au makochi, karatasi unatia saini bila kubakiziwa nakala. Wanaokopeshwa kwa simu wamedhalilishwa kwa ujumbe kutumwa kwa ndugu na marafiki wao. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila kibali. Hayakuangushwa na umati. Malalamiko yaliyoandikwa, moja baada ya jingine, ndiyo yaliyolifikisha jambo hilo mezani.

Kwa hiyo ninaloliomba kwa wasomaji wa Kigoma na Ujiji ni hili. Mwenye hati za deni za babu zake, ziwe za Kiarabu au za Kigujarati, asizichome. Azipeleke zikahifadhiwe na kusomwa. Na mama anayekopa leo, kabla ya kuweka saini, adai nakala ya mkataba, aipige picha kwa simu, aitunze pamoja na kadi ya marejesho. Siku wenzake watakaposema wamechoka, waende wakiwa nazo mkononi.