Makosa ya Watoto Wajifunzapo Kusema

Katika mwaka 1877 Charles Darwin, Mwingereza, alichapisha habari za mwanawe mchanga, ambaye chakula alikiita "mum". Alipoonja sukari aliiita "shu-mum".

Watoto wa Temeke na Kinondoni, nchi ya Wazaramo tangu zamani, nao hutumia neno walilo nalo: ajuaye "mbuzi" tu huweza kumwita hata ng'ombe mbuzi. Mwingine, aliyezoea "chakula, vyakula", huweza kusema "vyai", nasi twacheka. Lakini "kitabu" ni neno la Kiarabu, na hiyo "ki" ni sehemu ya shina lake. Wazee wa pwani waliifananisha na "ki" ya "kiti", wakasema "vitabu". Juzijuzi madereva wamefanya vivyo hivyo kwa neno la Kiingereza: "kipilefti, vipilefti". Wao ni wengi, kwa hiyo hawasahihishwi.

Tena mtoto huacha silabi za mwanzo wa kitenzi. Kamil Ud Deen, katika kitabu cha mwaka 2005 juu ya watoto wanne wa Nairobi, alionyesha kwamba mara nyingi huacha kiambishi cha mtenda au cha wakati, ila irabu ya mwisho hawaiachi. Basi asemaye "takula" mahali pa "nitakula" amekwisha kuujua wakati. Iliyobaki ni nafsi.