Muziki wa Saa Saba Mchana

Mtu aliyezaliwa karibu na Ikweta huona shida kusadiki habari za mwezi wa Desemba katika mji wa London. Kwetu jua huchomoza na kutua kwa saa zile zile mwaka mzima, na tofauti yake ni ya dakika tu. Huko, katikati ya Desemba, jua huchomoza karibu saa mbili ya asubuhi, na kabla ya saa kumi ya alasiri limekwisha kutua. Karani hutoka kwake gizani na kurudi gizani. Kwa sababu hiyo watu wa mji ule walijizoeza tangu zamani kuitafuta furaha yao penye taa, usiku, chini ya dari. Michezo ya kuigiza, kumbi za muziki na sinema zilijaa hasa wakati wa baridi, nje kukiwa na ukungu na mvua ya barafu.

Basi mwezi wa Septemba 1939 taa zilizimwa. Uingereza iliingia vitani na Ujerumani tarehe 3 ya mwezi huo, na amri ilikuwa imekwisha kutolewa kwamba usionekane mwanga wowote usiku, ili ndege za adui zisiujue mji. Madirisha yalizibwa kwa vitambaa vyeusi, taa za barabarani hazikuwashwa, na magari yalipita yakiwa yamefunikwa macho. Watu walijikwaa, walianguka, waligongwa. Katika miezi ile ya kwanza raia waliouawa na magari gizani walikuwa wengi kuliko waliouawa na mabomu, kwa maana mabomu yalikuwa hayajaanza.

Serikali iliamuru pia kwamba nyumba zote za michezo na starehe zifungwe, kwa hofu kwamba bomu moja lingeweza kuua mamia ya watu waliokusanyika mahali pamoja. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Lakini ndani yake mlikuwa na wazo jingine ambalo halikusemwa, kwamba muziki na picha ni mambo ya anasa, na mwenye busara huyaweka kando penye hatari. Amri ililegezwa baada ya majuma machache. Hata hivyo, usiku ulikuwa wa kutisha, na wengi hawakuona vyema kutoka.

Katika uwanja wa Trafalgar, katikati ya mji, lipo jumba la taifa la picha, National Gallery. Siku kumi hivi kabla ya vita kutangazwa, picha zake zilianza kupakiwa na kupelekwa mbali, nyingi katika nchi ya Wales. Ya mwisho iliondoka tarehe 2 Septemba. Kuta zikabaki tupu, zikionyesha alama tu za mahali picha zilipokuwa. Ndipo alipokuja kwa mkuu wa jumba hilo, Kenneth Clark, mwanamke mmoja jina lake Myra Hess. Huyu alizaliwa London mwaka 1890, na alikuwa mpiga piano mashuhuri, aliyeacha safari ya kwenda kupiga muziki Marekani ili abaki na watu wake. Alisema kwamba wanamuziki wengi wamepoteza kazi, na watu wa mjini hawana pa kusikiliza muziki. Je, haiwezekani kufanya tamasha moja katika vyumba hivyo vitupu? Clark alimjibu kwa swali: kwa nini liwe moja, lisiwe la kila siku?

Wakati uliochaguliwa ulikuwa saa saba ya mchana. Usiku wenye giza na hatari uliachwa, na muziki ukaletwa katika saa ambayo makarani, wapiga taipu, wauguzi na askari wa likizo hutoka kula. Kiingilio kilikuwa shilingi moja. (Msomaji wa Kenya yampasa kukumbuka kwamba shilingi ya Afrika Mashariki ya siku zile ilikuwa na thamani sawa na ile ya Uingereza, kwa hiyo haikuwa fedha ya kutupwa.) Tarehe 10 Oktoba 1939 Myra Hess alipiga piano mwenyewe. Alikuwa ametazamia watu wachache, wengi wao wakiwa rafiki zake. Walikuja kiasi cha elfu moja, wakajipanga mlolongo nje uwanjani, na wengine wakarudishwa kwa kukosa nafasi.

Baridi iliyofuata ilikuwa kali mno. Januari 1940 ulikuwa mwezi wa baridi kuliko yote kwa miaka 45, na mto Thames uliganda katika sehemu zake za juu. Magazeti yenyewe hayakuruhusiwa kuitaja hali ya hewa mpaka zipite siku kadhaa, ili adui asipate faida. Watu walitetemeka majuma mawili kabla ya kusoma kwamba kulikuwa na baridi. Tarehe 8 ya mwezi huo chakula kilianza kutolewa kwa kipimo: siagi, sukari na nyama ya nguruwe ya chumvi, kila mtu na kitabu chake. Pale penye muziki wanawake waliojitolea walitengeneza na kuuza sandwichi, na zile za asali na zabibu kavu zilipata sifa mji mzima. Wako waliosema kwa mzaha kwamba walifuata sandwichi, wala si Beethoven.

Na hilo jina la Beethoven ndilo linalonifanya niikumbuke habari hii. Muziki uliopigwa pale, kwa sehemu kubwa, ulikuwa wa Wajerumani na wa majirani zao wa Vienna: Bach, Beethoven, Mozart, Schubert, Brahms. Mwaka 1914, vita vya kwanza vilipoanza, ukumbi mmoja mkubwa wa London uliufuta usiku mzima wa muziki wa Wagner kwa sababu alikuwa Mjerumani, ingawa baadaye ulirejeshwa. Safari hii watu walikaa kimya wakausikiliza muziki wa taifa la adui, huku vijana wao wakiitwa jeshini kupigana na taifa lilo hilo. Sioni kwamba ulikuwa usahaulifu. Hitler alidai kwamba Bach na Beethoven ni mali yake na ya watu wake. Mlolongo ule wa makarani, kila mmoja na shilingi yake mkononi, haukulikubali dai hilo. Na Myra Hess, aliyeupiga muziki huo, alikuwa Myahudi.

Tarehe 7 Septemba 1940 mabomu yalianza kwa kweli. London ilipigwa usiku 57 mfululizo. Jumba la picha lilipigwa pia, na paa lake la vioo likavunjika. Muziki uliteremshwa katika chumba cha chini ya ardhi, chenye baridi na unyevu, na watu wakasikiliza wakiwa na makoti yao mwilini. Mara moja bomu lililoanguka usiku bila kulipuka lililipuka lenyewe mchana, muziki ukiendelea upande wa pili wa jengo. Wanamuziki hawakuacha kupiga. Majira ya joto ya 1941 walipanda tena juu. Kabla ya hapo, mwezi wa Mei, Queen's Hall, ukumbi mkuu wa muziki wa mji ule, ulikuwa umeteketea kwa moto wa mabomu.

Lakini tusidhani kwamba London yote ilikuwa ikisikiliza piano. Usiku mmoja wa Septemba 1940 walihesabiwa watu 177,000 waliolala katika vituo vya reli ya chini ya ardhi, wengi wao maskini waliobomolewa nyumba. Mpakuzi wa mizigo bandarini hakuwa na saa ya kwenda Trafalgar, na pengine hakuwa na shilingi pia. Vitabu vingine huandika habari hizi kana kwamba mji mzima ulikuwa na moyo mmoja. Haukuwa hivyo.

Picha nazo zilikuwa zimehamishiwa ndani ya mgodi wa mawe katika mlima wa Manod, Wales. Mwanzoni mwa 1942 msomaji mmoja wa gazeti la The Times aliomba kwamba watu waonyeshwe walau picha moja nzuri. Wakuu wakakubali. Kila mwezi picha moja ililetwa kutoka mgodini, ikatundikwa peke yake ukutani mchana, na usiku ikafichwa mahali salama. Ya kwanza ilikuwa ya Titian, inayomwonyesha Maria Magdalena akimtambua Yesu aliyefufuka. Mtu aliyekuja kwa muziki aliweza kusimama mbele ya picha hiyo moja kwa dakika kumi, jambo ambalo wageni wa siku za amani, wenye picha mamia za kupita mbio, hawakulifanya.

Matamasha yalikoma tarehe 10 Aprili 1946, vyumba vilipohitajiwa tena kwa ajili ya picha. Yalikuwa yamefanyika mara 1,698, na waliolipa shilingi zao walipita 800,000.