Gaslight (1944): Kutoka Filamu hadi Kitenzi
Filamu ya Gaslight, iliyoongozwa na George Cukor mwaka 1944, ilitokana na tamthilia ya Patrick Hamilton ya mwaka 1938. Gregory humfichia mkewe, Paula, vitu, kisha humlaumu kwa kuvipoteza. Taa za gesi zinapofifia, Paula huaminishwa kuwa ni njozi zake. Kumbe Gregory mwenyewe huwasha taa za darini, akisaka vito vya mlezi wa Paula aliyeuawa kwa mkono wake, na gesi hupungua vyumba vya chini. Ni mpelelezi anaposhuhudia mwanga huohuo ukififia ndipo Paula, aliyeigizwa na Ingrid Bergman, anapoanza kuiamini tena akili yake.

Katika Kiingereza, jina la filamu liligeuka kitenzi. Nomino iliyotokana nacho iliteuliwa na kamusi ya Merriam-Webster kuwa neno la mwaka 2022. Kiswahili kina kughilibu na kuzuga, lakini vitenzi hivyo hutaja udanganyifu kwa jumla. Havibainishi kumfanya mtu asiyaamini macho yake mwenyewe. Pengo hilo si la kiistilahi tu: mke asiye na jina la anayotendewa huweza kuishia kujiita mwendawazimu.