Safu ya Lugha: Upepo wa Klachi
"Upepo" ni hewa inayokwenda. Neno hilo ni la ukoo mmoja na "pepea". "Hewa", lililotoka Kiarabu, ni kitu chenyewe, kiwe kimetulia au kinavuma. Kwa kipimo hicho, fundi anayesema klachi ya gari kuukuu "imeingia upepo" amekosea, maana ndani ya bomba la klachi hakuna kinachovuma. Lakini "kutoa upepo" kumeshazoeleka gereji, kama "kujaza upepo" kwenye matairi, na kuupinga usemi huo ni kazi bure.

Kosa la kweli ni "klachi imeisha", linalobandikwa kila hitilafu. Kinachoisha ni pleti: injini hunguruma, gari haliongezi mwendo. Pedali ikizama na gia ikagoma, kisha ikaingia baada ya pedali kukanyagwa mara kadhaa, pleti mara nyingi haina hatia; mwenye hatia ni hewa iliyoingia bombani. Hewa ikibanwa husinyaa, mafuta ya breki yaliyomo bombani karibu hayasinyai kabisa. Msukumo wa mguu huishia njiani. Hapo hukaguliwa klachi masta ya juu na ya chini, ipi inavuja. Upepo ukitolewa na uvujaji ukaachwa, hurudi.